Mamangu amekataa kuhama Faza. Nimlazimishe au nimwache?

Fundi wa Kisauni aliandika:

Asalaam aleikum wenzangu. Naandika saa hizi cherehani nimeizima, watoto wamelala, na hapa nyumbani hakuna ambaye hajachoka kunisikiliza kwa habari hii.

Mamangu ana miaka 76. Yuko Faza, kisiwa cha Pate kule Lamu, peke yake tangu babangu afariki. "Peke yake" nasema mimi. Yeye akilisikia neno hilo hukasirika, maana nyumba ya kushoto yuko binti wa ndugu yake, na ya kulia yuko mtu aliyenyonya naye ziwa moja. Ana presha, na goti la kulia halikunjiki vizuri. Mwezi wa Rajabu aliteleza akitoka jabiani, kwenye birika letu la maji ya mvua, na ndoo. Hakuvunjika, alhamdulillahi, lakini alilala pale chini mpaka karibu na adhuhuri, ndipo watoto wa chuo cha Kurani wakapita wakamwona.

Mimi niko Mombasa, ghorofa ya tatu. Nashona kanzu na magauni, na sare za shule ikifika Januari. Niliposikia ameanguka nilipanda basi mpaka Mokowe, nikavuka, nikamwambia mama twende ukaangaliwe goti. Sikumwambia kwamba kitanda chake nimeshakinunua.

Alikaa miezi mitatu. Goti lilipata nafuu kidogo. Mengine yote yaliharibika.

Kila siku baada ya alasiri aliniuliza, "Maji yamejaa?" Mwanzo nilidhani ni maji ya mfereji, nikawa namwambia mama, tangi limejaa, oga. Kumbe anauliza bahari. Kisauni nani anayejua kama bahari imejaa au imepwa? Faza kila kitu hupangwa kwa hilo: nani anaondoka, nani anafika, samaki watapatikana saa ngapi. Mwishowe nikawa naangalia kwenye simu, namwambia "yatajaa saa kumi na robo," naye anashukuru kama nimempa habari ya mtu wa kwao.

Watoto wangu wamezaliwa hapa. Yeye husema "mchu" na "wachu", Kibajuni chake cha siku zote, na wao wanacheka. Si kwa ubaya, hata mimi nilipokuja mjini nilichekwa hivyo hivyo. Baada ya wiki mbili nikamsikia anawaambia "mtu", lakini kwa kulitafuta neno, polepole, kama anayevuka barabara kubwa. Wiki ya tatu akawa hasemi sana.

Halafu mofa. Wasioijua: ni tanuri la udongo, mfano wa mtungi mkubwa ulio wazi juu, unawasha kuni ndani mpaka ubavu wa ndani upate moto sawasawa. Mamangu amepika mikate ya mofa ya kuuza tangu mimi sijazaliwa. Unga anauchachusha usiku. Alfajiri anakoka moto, anangoja kuni ziwe makaa, anachovya mkono majini, anachota donge, analitandaza kiganjani kwa pigo mbili, kisha mkono mzima unaingia mle ndani mpaka kwenye kiwiko na kuubandika mkate ubavuni. Tap. Unatoka. Mkono wa kulia hauna unyoya hata mmoja. Nilipokuwa mdogo nilidhani mama wote wana mkono mmoja laini na mmoja wa kawaida. Basi siku ya pili tu Mombasa akaniuliza mofa tutaiweka wapi. Nikamjibu mama, mkate unauzwa hapo chini, ngazi tatu tu. Akatazama roshani yangu, ile ya kuanikia nguo, akaipima kwa macho, akanyamaza.

Niwaambie kitu kingine ili mjue ni mtu wa namna gani. Moto wa 2009 uliunguza mamia ya nyumba Faza, na yetu ilikuwemo. Makuti yale, upepo ule, mtu hana la kufanya. Nilifika siku ya tatu, nikakuta majivu matupu, huwezi kujua uko uwanjani au ukumbini kwa nani. Nilimkuta mama amesimama mahali fulani, amejifunga leso kiunoni, anafagia. Anafagia majivu! Aliijua nyumba yake kwa kuwa kitu kimoja kilikuwa kimesimama, nayo ni mofa. Tanuri litaungua vipi? Akapima kutoka pale kwa hatua, huku mlango, huku chumba cha baba, huku choo, akatia vijiti. Nyumba ya sasa, ya mabati, imejengwa kwa vile vijiti.

Kwa hiyo siku ya tisini na ngapi sijui aliniita akaniambia: "Nimekaa, nimeshiba, sasa nirudishe." Nirudishe, kama sufuria ya kuazima. Nikamrudisha.

Kakangu yuko Jeddah, anatuma pesa na anatuma amri. Amri ya sasa ni kwamba nikamchukue mama kabla kusi, ule upepo wa kusini, halijachafuka, na safari hii nisimuulize. Bado nimesimama njia panda. Kuna yeyote kati yenu aliyemhamisha mzazi mzee akamwona ametulia kweli? Na nikimwacha, siku akianguka tena na watoto wa chuo wasipite, nitalala vipi?

Abuu K alijibu:

Dada, pole, lakini hili si jambo la kulia. Tia chuma cha kushikia pale jabiani. Tia taa ya sola. Tafuta msichana wa kulala naye. Mwandikishe SHA, bima ya afya ya serikali, kama bado. Na zile pesa za wazee, shilingi 2,000 kwa mwezi, hakikisha zinaingia kwa jina lake na si kwa jina la mjanja fulani. Mambo matano, umemaliza.

Fundi wa Kisauni alijibu:

Ahsante kaka. SHA tayari. Pesa za wazee anazipata, ingawa huja siku zinazojisikia. Msichana nilimpeleka mwaka jana, mama akamrudisha kwao siku ya nne. Kosa lake: "anateka maji kwa fujo." Nilipouliza fujo gani, nikaambiwa anaiachia ndoo ipige chini ya jabia na kuchafua maji ya watu. Sikuwa na jibu. Ni kweli, ukikulia jabiani unajua ndoo hulazwa, haitupwi. Hilo la chuma nimelichukua.

Nahodha Mstaafu alijibu:

Mwanangu, mimi si mtu wa kuandika. Mjukuu ndiye mwenye simu, mimi nasema yeye anaandika, na nimemwambia asinitengezee maneno. Nina miaka 74, niko Matondoni, hapa kisiwani Amu, yaani Lamu. Nimeendesha majahazi, boriti mpaka Mombasa, na kabla ya hapo nilikuwa fundi, maana Matondoni mtoto akizaliwa hukuta chombo kinaundwa mlangoni.

Wanangu walinichukua Malindi nitolewe mtoto wa jicho. Nikakaa siku arubaini. Nyumba nzuri, feni, nyama. Jicho likapona. Lakini nikwambie, kusi lilianza mimi sikulijua! Nyumba zimebanana, upepo unafika umechoka, huwezi kujua umetoka wapi. Mtu wa miaka sabini asiyejua upepo unatoka wapi huyo si nahodha tena, huyo ni mzigo kama boriti.

Na maneno niliyokuwa naambiwa kutwa: "Babu umekula? Babu umelala? Babu umemeza dawa?" Mapenzi hayo, siyakatai. Lakini hakuna aliyeniuliza jambo ambalo yeye halijui.

Hapa asubuhi nateremka pwani, nakaa chini ya mti. Vijana wawili watatu bado wanatengeneza vyombo vya mbao, ingawa wengi siku hizi wanakimbilia faiba. Wanapigilia kalafati, pamba inaingia kati ya ubao na ubao. Mimi macho hata yametolewa ule utando bado hayaoni sindano. Lakini kalafati naisikia. Nyundo ikigonga mahali paliposhiba hulia kavu, tak. Palipo na njaa hulia kama mtu ana mafua. Nawaambia kutoka kwenye mkeka wangu, "Rudi nyuma shibiri mbili, hapo bado." Wanarudi, wanakuta bado. Basi. Hiyo ndiyo kazi yangu, hailipwi, na siku moja nikiwa na homa sikuteremka, wakaja wawili mpaka kitandani kuniuliza ubao fulani wa mkuku, ule uti wa chini wa chombo. Nilipona siku ile ile.

Ila nisikudanganye kwamba ukibaki kwenu kila kitu kinabaki. Mimi sijahama, lakini bahari yangu imehama. Kule Manda tulikokuwa tukitega, leo ni bandari, gati la kwanza likafunguliwa 2021, mchanga ukachimbwa, maji yakawa kama chai ya maziwa. Mahakama 2018 ilisema wavuvi walipwe bilioni 1.76. Kuhusu malipo mjukuu ameniambia nisiseme sana, haya. Ninachosema ni kwamba kuna miamba niliyokuwa nikiijua kwa majina, ningemwonesha mjukuu, na sasa sina cha kumwonesha. Ukimuona mzee amekaa pwani anatazama maji usidhani ameridhika. Pengine anatafuta mwamba.

Mamako mwache na mofa yake. Na umwambie nakula mkate wa mofa, na wa Amu siku hizi hawaukoki moto vizuri, mkate unatoka mbichi katikati.

Mwana Magarini alijibu:

Nimesoma hadi mwisho, na nitasema jambo ambalo halitapendeza. Nyinyi watu wa visiwani mna bahati ya kuuliza swali hilo.

Mimi ni Mgiriama, kwetu ni upande wa Magarini, juu ya Malindi. Baba yangu mkubwa ana miaka 72. Ana shamba lililotoka kwa babake, minazi, mikorosho, kisima. Vigango vya wazee wake, nguzo za mbao za kuwakumbuka waliokufa, vimesimama humo humo uani, na kwa mila yetu kigango hakihamishwi, familia ikihama chenyewe hubaki. (Vilivyohama ni vile vilivyoibwa vikauzwa ng'ambo, na baadhi vimerudishwa kutoka Marekani. Hata kigango kimepata tiketi ya kurudi kwao.) Kwa hiyo ukimuuliza kwao ni wapi atakuonesha kwa kidole.

Lakini halali hapo.

Alifiwa na mtoto wa ndugu yake, kijana, homa ya siku chache. Matangani maneno yakaanza: mzee ana mvi, macho mekundu, tena amewazika wangapi? Macho mekundu! Amepikia kuni na kupuliza moto miaka sitini, macho yawe meupe? Kila mtu wa Kilifi anajua maneno hayo yanaishia wapi. Wazee wanakatwa mapanga kwa tuhuma za uchawi, na ukichimba chini ya uchawi unakuta shamba, kuna kijana anataka kuuza na mzee hataki. Ndiyo maana kuna pahali kama Kaya Godoma kule Ganze, wazee wamekimbilia kupata hifadhi, watu wenye mashamba yao wanalala kwenye vyumba vya msaada.

Yeye hakwenda huko. Amepanga chumba Muyeye, mjini Malindi. Saa moja asubuhi anapanda bodaboda anakwenda shambani kwake, anapalilia, anakaa chini ya mkorosho, anakula mhogo wake. Jua likianza kulala anapanda bodaboda tena. Kila baada ya wiki mbili shangazi anampaka piko, rangi nyeusi ya nywele, kichwani na ndevuni, nywele ni nyeusi ti kama za kijana wa harusi. Mara ya mwisho nilipomwona piko lilikuwa limeteremka kidogo kwenye sikio. Nikamfuta. Akacheka, akasema, "Nimekuwa mwizi wa shamba langu."

Kwa hiyo mimi sitakuambia habari za upepo. Mamako alianguka, akalala chini, na waliopita wakamwinua. Umelitaja hilo kama tatizo. Kwetu tungelitaja kama ndiyo maana ya kuwa nyumbani.

Nahodha Mstaafu alijibu:

Huyu bwana wa Magarini ameninyamazisha. Mjukuu ameisoma mara mbili. Mpe salamu baba mkubwa.

Mjukuu wa Mbajuni alijibu:

Mimi ni mfupi. Babu yetu alitoka kijiji kimoja cha upande wa Kiunga wakati wa vita vya Shifta, vya serikali ya Kenya na waasi wa upande wa Somalia, miaka ya sitini, na wenzake wengi wakatawanyika, wengine Amu, wengine Mombasa, sisi Malindi. Kijiji hakikurudiwa. Aliishi Malindi zaidi ya miaka hamsini, akaoa, akazaa, akajenga. Na mpaka anakufa hakuwahi kuiita Malindi kwetu. Alikuwa akisema "hapa tulipoteremka". "Nimenunua kiwanja hapa tulipoteremka." Tulikuwa tunamcheka. Kwa hiyo dada, kama miezi mitatu haikutosha kumzoesha mamako, sioni mwaka utafanya nini.

Abuu K alijibu:

Sawa, nimeshindwa. Lakini chuma atie.

Fundi wa Kisauni alijibu:

Wenzangu, samahani nimekaa kimya wiki tatu. Nilikwenda.

Kabla ya kwenda nilimpigia mama nikamsomea majibu yenu, si yote. La Magarini sikumsomea, nilijua hatalala. La nahodha nilimsomea neno kwa neno. Akanyamaza, halafu akauliza: "Ni wa chombo gani?" Nikamwambia sijui. "Muulize, maana kuna nahodha wa Matondoni alitupeleka Maulidi Amu mwaka mmoja, tukakwama Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari, maji yamepwa, tukalala mikokoni na mbu. Kama ndiye, mwambie bado nina neno naye." Nahodha, umesikia.

Chuma kimetiwa. Fundi wa kuchomelea alitoka Kizingitini. Nimefika nikakuta ameshaanikia leso juu yake, lakini nilimchungulia asubuhi bila yeye kujua, na akiteremka anakishika. Kuhusu ndoo, tumepatana na mtoto mmoja wa chuo, ana miaka kumi na mbili, anamtekea ndoo tatu kila alfajiri kwa mikate miwili. Amefundishwa kulaza ndoo. Nilimsikia mama akimfundisha kutoka mlangoni, kwa sauti ambayo sikuisikia Kisauni hata siku moja, na kila neno la "mchu" likiwa pahali pake.

Kakangu nilimwambia kwa simu kwamba sitamchukua. Alikasirika. Kisha akaniuliza kama mofa ile ni ile ile. Nikamwambia ni ile ile, ina ufa ubavuni, ameuziba kwa udongo. Akasema nimtumie picha. Nimemtumia. Hajajibu, lakini pesa za mwezi huu zimekuja bila amri.

Usiku wa mwisho mama aliniambia nimletee kamba ya ndoo ya pima nane, mawele mazuri yasiyo na mchanga, na dawa ya presha ya miezi miwili. Halafu akasema, anakunja mkeka, hanitazami: "Na kile kitanda ulichoninunulia. Kama hakilaliwi na mtu, nipakilie."

Basi sasa nina swali lingine kabisa. Kitanda ni cha mbao, futi tano kwa sita. Mpaka Mokowe kitafika juu ya basi. Je, mashua za Faza zitakubali kukibeba, na niombe bei gani ili nisinyonywe?

Nahodha Mstaafu alijibu:

Kifungue miguu na mbavu, ufunge kila kimoja peke yake, kwa kamba, si kwa zile nailoni zinazoteleza. Godoro ulivike plastiki. Bei usiulize mbele ya abiria, ulizia pembeni. Na muwe Mokowe mapema, Mkanda haungoji mtu, maji yakianza kupwa mtalala na mbu.

Yule nahodha ni mimi. Mwambie nilikuwa kijana.